Jiko Chini ya Boneti

Mwanamke yule aliingia uani mwa kituo kwa mlango wa nyuma, ule wa kutolea takataka, akapita katikati ya pikipiki zilizokamatwa, akasimama nyuma ya Inspekta Ritha Singano aliyekuwa ameinamia injini mpaka kiunoni.

"Hilo ndilo gari la Horohoro?"

Ritha alijitoa taratibu. Boneti ilikuwa imeegemezwa kwa kipande cha mpini wa jembe, na chini ya boneti iliyoegemezwa hivyo mtu haruki.

Mgeni alikuwa mtu mzima, mwembamba, amevaa kitenge cha umoja wa wanawake wa kanisa. Matope mekundu ya milimani yalikuwa yamekaukia kwenye kandambili zake. Mkononi alishika kifurushi cha kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndilo?"

"Mama, wageni ni mapokezi, kule mbele," alisema Konstebo Hosea. Alikuwa amekaa juu ya tairi bovu akiandika yale ambayo Ritha alimtajia kutoka ndani ya injini. Hosea alikuwa karibu kustaafu, na muda uliobaki aliutumia wote kukaa.

"Mbele mmenirudisha sana, baba. Leo nimekuja nyuma."

Akafungua kifurushi. Ndani mlikuwa na mfuniko wa kopo la maziwa ya unga, umeingia kutu pembeni, na katikati yake herufi F iliyotobolewa kwa msumari.

"Naitwa Lea. Mwanangu ni Fanueli. Redio imesema mmekamata pikapu ya dizeli. Kama ndiyo aliyokuwa akiendesha, humo mna kopo. Mfuniko wake ndio huu."

Hosea aliacha kuandika.

Jina hilo Ritha alilijua. Lilikuwa juu ya jalada lililofungwa: Fanueli, dereva wa Methusela, mfanyabiashara wa mbao mwenye shamba la mkonge huko Mwera. Kabla ya Idi ya Kuchinja, Methusela aliripoti kwamba dereva wake ameondoka Lushoto alfajiri na pikapu nyeupe, akavuka mpaka na hakurudi. Bima ikamlipa. Jalada likaandikwa kwamba mtuhumiwa anaaminika yuko Mombasa, likawekwa kabatini.

Gari lililokuwa mbele yao lilikuwa jekundu. Lilizuiwa mpakani Horohoro kwa sababu kadi yake ilisema injini ni ya petroli, na askari wa zamu akalisikia likikohoa kama mashine ya kusaga mahindi. Aliyekuwa akiliendesha, mchuuzi aitwaye Safari, alilia kwamba ameuziwa na dalali ambaye simu yake haipatikani tena. Namba ya chasisi ilikuwa imesagwa na kugongwa upya. Namba ya injini hali kadhalika.

"Mama yangu," Hosea alisema, "pikapu za dizeli mkoa huu ni nyingi kuliko mbuzi. Na kopo tungeliona. Tumekagua kila mahali."

"Na jikoni mmekagua?"

"Jikoni wapi?"

"Aliniambia gari lake lina jiko. Kila akija nyumbani nilikuwa namuuliza, Fanueli, huko barabarani unakula nini, mbona umekonda? Alikuwa anacheka, anasema, mama, wewe nifungie makande tu, gari litapasha." Alipapasa ukingo wa mfuniko kwa kidole gumba. "Huu aliuacha kwa sababu ulikuwa unaruka kwa mvuke. Akawa anafunika kwa jani la mgomba. Mimi nikafunikia chumvi."

Ritha aligeukia injini. Alianza upya, kwa sauti, kutoka mbele kwenda nyuma, kama alivyozoea tangu alipokuwa mkaguzi wa magari.

"Rejeta. Betri. Chujio la hewa. Kipoza hewa na mipira yake. Altaneta ya kuchaji betri, mpya. Nozeli." Akainama zaidi. "Turbo."

Turbo ilikuwa chini, imebanana na bomba la ekzosi, imefunikwa kwa bati la kukinga joto. Moshi wa moto wa injini hupita pale na kuizungusha kabla ya kutoka nje. Hakuna mahali pengine chini ya boneti panapounguza kiasi kile.

"Hosea, nipe spana. Ile ndogo yenye kichwa."

Boliti mbili zilitoka. Ya tatu ilikuwa imefungwa pamoja na waya wa kuchomea mishikaki, umesokotwa vizuri, kazi ya mtu mwenye subira. Bati lilipotoka, waya ulikuja nalo, na nyuma ya bati, katika upenyo uliobaki kati yake na ukuta wa gari, likaning'inia kopo jeusi kama chungu cha msibani.

Ritha alilichungulia akiwa amewapa mgongo. Jani la mgomba lilikuwa limegeuka majivu. Chini yake mlikuwa na punje za mahindi na maharage, zimeungua mpaka zikawa kama kokoto. Kopo lilikuwa limejaa.

Alinyoosha mkono nyuma. "Nipe mfuniko, mama."

Mfuniko uliingia. Aliuzungusha kidogo, ukakamata, na F ya juu ikasimama sambamba na F nyingine iliyokuwa ubavuni mwa kopo.

"Ndilo," alisema Lea. "Mna nini ndani?"

"Masizi."

"Inspekta." Lea hakupandisha sauti. "Vijana wa Methusela walikuja kuniezua mabati, wakasema ndiyo malipo ya gari. Nalala chini ya turubai la kanisa. Watoto wakinipita wanaimba, mama mwizi, mama mwizi. Mchungaji ananiambia atarudi tu. Mwenyekiti wa kijiji ananiambia yuko Mombasa ana raha zake. Nyote mnanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mimi bati sidai. Nataka kujua mtoto wangu yuko wapi."

Ritha alifuta mikono kwenye kitambaa, kidole baada ya kidole.

"Sijajua bado. Nikijua, nitakuambia mimi mwenyewe. Siku hiyo hiyo, kabla ya redio. Na sitakupaka mafuta."

"Hata likiwa baya?"

"Hata likiwa baya."

"Basi nasubiri hapo langoni," Lea alisema, na akaenda na Hosea, ambaye aliambiwa amnunulie chai na chapati kwa mama lishe.

*

Mkuu wa upelelezi, Afande Robert, alikuja na kikombe chake mkononi. Aliangalia kopo bila kuligusa.

"Vizuri. Kwa hiyo gari ni la Methusela, na dereva wake ndiye mwizi. Kalipaka rangi, kaliuza, katoweka. Tumemaliza."

"Chungulia hapa, afande. Injini imeoshwa."

"Kila anayeuza gari huosha injini."

"Anayeuza huosha panapoonekana. Huyu ameosha mpaka chini ya betri. Maji ya pampu yameingia hata kwenye sanduku la fyuzi, ona yalivyokauka. Sufi ya kuzuia kelele chini ya boneti imebanduliwa yote. Fimbo ya kushikilia boneti haipo. Na dereva ameacha chakula chake."

"Labda alishiba."

"Ametoka Lushoto, afande, anadaiwa kufika Mombasa. Njia yote hiyo hakufungua boneti ale?"

Robert alikunywa chai. "Nini kingine?"

"Altaneta ni mpya. Ina nembo ya duka la Aliasgar."

"Aa!" Kikombe kilishuka. "Ungeanza na hilo. Aliasgar ndiye anayesaga namba. Siku zote nilisema stoo ile ina mambo. Kamlete."

"Kwanza nikamuulize."

"Kamuulize, kamlete, utajua mwenyewe. Leo nataka mtu." Akapunguza sauti, karibu kwa upole. "Ritha, miaka yote hii umepewa magari, wenzako wakapewa watu. Nipe mtu, na jalada hili ni lako mpaka mahakamani. Hujachoka kukagua mataa?"

Ritha alifungua altaneta, akaizungushia gazeti, akaondoka nayo kwapani.

*

Duka la spea la Aliasgar lilikuwa na giza na harufu ya grisi. Mlangoni, juu ya kiti chenye mto, alikaa mama yake, Batulbai, ndani ya rida, vazi la wanawake wa Kibohora, ya rangi ya waridi, miguu yake iliyovimba ikiwa juu ya kasha la beringi.

"Shikamoo, Batulbai."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kukagua gari la nani? La Aliasgar limeshakufa, mkague yeye mwenyewe."

"Mama!" ilisikika sauti kutoka nyuma ya rafu.

Ritha aliweka altaneta juu ya kaunta. Aliasgar alikuja akijifuta jasho, akaigeuza, akagusa kipande cha mviringo kilichotokeza nyuma yake.

"Ya dizeli. Ona, ina pampu ya kuvutia breki. Nembo ni yangu, ndiyo."

"Ulimuuzia nani?"

"Inspekta, mafundi wa Tanga nzima wananunua hapa. Nitamkumbuka nani?" Aliirudisha kwenye gazeti haraka. "Afande Robert amenituhumu, sivyo? Sema tu."

"Anataka nikupeleke."

"Hiyo ni ya Ashura," alisema Batulbai.

"Mama, tafadhali. Usitaje mtu."

"Kwa nini nisitaje? Mimi nina miguu mibovu, sina ulimi mbovu." Alimgeukia Ritha. "Siku ya Ashura duka limefungwa. Watu wote wako msikitini. Mimi nimebaki nyumbani hapo nyuma, nasikiliza mawaidha kwenye simu, nalia. Mlango unagongwa kama mnavyogonga nyinyi. Nafungua, ni Methusela wa mbao. Namwambia, leo ni siku ya kilio, hatuuzi hata sindano. Unajua alinijibu nini? 'Kilio chenu ni cha zamani, shida yangu ni ya leo.' Akanipita, akaingia stoo mwenyewe."

"Alisema ni shida gani?"

"Alisema altaneta imekunywa maji."

Ritha aliigeuza altaneta. "Ashura ilikuwa baada ya Idi ya Kuchinja?"

"Mwezi mzima baadaye, mwanangu. Nitakosea siku ya harusi yangu, hiyo sikosei."

"Aliasgar, Methusela ana gari lingine la dizeli?"

Aliasgar alitazama barabarani kabla ya kujibu. "Hana. Baada ya pikapu kuibwa amebaki na ile saluni, gari dogo la kutembelea. Petroli. Plagi zake ananunua hapa."

"Kwa nini hukuja kusema?"

"Alirudi kesho yake. Akanitupia hela na kusema nikifungua mdomo, nitafungiwa duka kwa spea za wizi. Akaniuliza, polisi watamwamini nani, mimi au wewe?" Alicheka kidogo, bila furaha. "Nawe leo umetumwa umlete nani?"

Ritha alikunja gazeti juu ya altaneta. Batulbai, kwa huruma au kwa kejeli, alimpa peremende kutoka kwenye bakuli la wateja.

*

Methusela alifika mchana, aliposikia kwamba anaombwa kutambua gari. Alishuka kwenye saluni yake akiwa na suti ya rangi ya maziwa, akampa Robert mikono miwili, akampita Hosea kama anavyopita nguzo. Kabla hajaingia, Ritha alikwenda langoni kutazama. Lea alikuwa amekaa kwenye benchi la mama lishe, uso ameuelekeza ukutani. Hakuwa ameiona saluni.

Uani, Methusela alilitazama gari jekundu kutoka mbali.

"Silo. Langu lilikuwa jeupe. Na bima walishanilipa, sina neno tena na magari ya wizi."

"Tunashukuru, mzee," Ritha alisema. "Ila kwa kuwa umefika, tusaidie kidogo. Wewe umekuwa na magari ya dizeli muda mrefu, na wenzangu hapa nikiwaeleza hawanielewi. Hiki ni nini?"

Methusela alisogea. Alikuwa mtu anayependa kufundisha. Kanisani alishika darasa la vijana.

"Kipoza hewa. Turbo inasukuma hewa, hewa inapata moto. Hiki kinaipoza kabla haijaingia kwenye injini."

"Hizi?"

"Nozeli. Zinanyunyiza dizeli."

"Na turbo?"

"Chini pale, penye bati." Alionyesha kwa kidole bila kugusa.

Altaneta ilikuwa imerudishwa mahali pake. Ritha aligusa mkia wake. "Hii iliyotokeza nyuma ya altaneta?"

"Pampu ya breki. Inavuta hewa kwenye busta, ili ukikanyaga mguu uwe mwepesi."

"Magari yote yanayo?"

"Hapana, binti." Alitabasamu kwa Robert. "Injini ya petroli inavuta hewa yenyewe. Unaunga mpira pale pale, breki zinafanya kazi. Dizeli haivuti namna hiyo, ndiyo maana inawekewa pampu."

"Kwa hiyo saluni yako pale nje..."

"Petroli. Haihitaji."

"Nikitaka kuifunga altaneta hii kwenye saluni yako?"

"Hata kukaa haitakaa. Mjinga tu ndiye angeinunua."

Hosea, juu ya tairi lake, alirudia polepole huku akiandika. "Mjinga... tu... ndiye... angeinunua."

"Uliinunua wewe," Ritha alisema. "Siku ya Ashura, kwa mlango wa nyuma wa nyumba ya Batulbai. Pikapu yako ilikuwa imeshaibwa mwezi mzima. Uliinunulia gari gani, mzee?"

Tabasamu lilibaki usoni pa Methusela, lakini halikuwa na kazi tena.

"Yule mama ni mzee. Anachanganya siku."

"Siku nyingine huenda. Ile, hapana."

"Nilimnunulia rafiki."

"Jina lake?"

"Robert, hivi nimeitwa kusaidia au kuhojiwa?"

Robert alikuwa ameweka kikombe chake chini.

"Uliliosha lote kwa pampu," Ritha aliendelea. "Chini ya betri, kwenye fyuzi, kila upenyo. Maji yakaiua altaneta. Ila nyuma ya bati la turbo maji hayafiki." Akachukua kopo, akalifungua, akaliweka juu ya ukingo wa gari mbele yake. "Hili hukulijua."

Methusela aliinama, akachungulia. Alinusa. Halafu akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyepata jibu la kitendawili kilichomsumbua.

"Kumbe ndilo alilokuwa akilifuata!"

Kalamu ya Hosea ilisimama.

"Alilifuata lini?" Ritha aliuliza.

*

Katika chumba cha mahojiano alisema yote, na aliyasema bila haraka, kama anayemweleza fundi gari lilivyoharibika. Walikuwa shambani Mwera. Alimwambia Fanueli aache pikapu bandani, avuke mpaka, akae kwa ndugu mpaka bima ilipe, kisha angemwita. Fanueli akakataa. Akasema mama yake ataitwa mama wa mwizi.

"Nikamwambia, jina la mwizi haliui mtu. Akasema nimpe nafasi ale kwanza, tutaongea. Siku zote kula! Kila tukisimama, anafungua boneti. Nilidhani anatazama oili."

"Kisha?"

"Aliingiza kichwa, na mkono mpaka begani. Nikachomoa fimbo ya boneti. Ikashuka. Nikaikandamiza."

"Alisema lolote?"

Methusela alifikiri. Alionekana anataka kuwa sahihi.

"Alisema, 'Mzee, subiri, mkono wangu uko ndani.' Alidhani imeteleza yenyewe." Akainua mabega. "Basi nikaiinua. Nikaishusha tena kwa nguvu."

Robert aligeukia dirisha. Ritha aliandika maneno hayo kama yalivyotamkwa, na akamwomba arudie ni banda lipi.

"Mwili uko wapi?"

"Shimo la mabaki ya mkonge, nyuma ya mashine ya kuchakata. Mkonge ukioza unakula kila kitu." Alinyoosha koti lake. "Mwambieni mama yake asijisumbue kuja. Hana cha kuzika, na hana hata paa la kufanyia matanga."

Alilisema kama mzaha, na akawatazama mmoja mmoja kuona nani atacheka.

*

Magari mawili yalikuwa yanaunguruma uani. Robert alikuwa amemaliza simu ya mwisho na shingo yake ilikuwa imenyooka.

"Panda. Kamanda anatukuta Mwera, na waandishi watakuwepo. Utasimama mbele, jalada ni lako kama nilivyosema."

"Nimwambie mama yake kwanza, afande. Yuko langoni."

"Familia itaarifiwa kwa utaratibu, mwili ukishapatikana. Wale vijana wa Methusela walioezua mabati ndio walioosha gari. Neno likitoka sasa wanakimbia."

"Mama huyo hamjui hata mmoja wao wa kumpigia simu. Na waandishi wakiwa Mwera kabla yetu, atasikia redioni."

"Ritha." Robert alifungua mlango wa gari, akaushikilia. "Shimo hilo ni leo. Atakayesimama pale ndiye mwenye jalada. Asiyepanda, kesho yuko kwenye mataa na mikanda. Sitalisema tena."

Hosea alikuwa ameshapanda nyuma na koleo katikati ya magoti. Alimtazama Ritha, akatikisa kichwa kidogo: panda.

Jalada lilikuwa kwapani mwa Ritha. Juu yake alikuwa ameshaandika jina lake kwa kalamu ya wino. Alilipitisha dirishani, akaliweka kwenye kiti kilichokuwa chake.

"Shimo liko nyuma ya mashine, banda ni la pili baada yake," alisema. "Msianze na koleo, anzeni kwa mikono."

Magari yalitoka. Vumbi lilipotua, alivuka lango.

Lea alikuwa kwenye benchi lile lile. Chai ilikuwa imepoa na utando juu, na chapati mbili zilikuwa kwenye sahani ya bati, hajazigusa. Ritha alikaa kando yake. Mama lishe alitaka kumuuliza atakunywa nini, akawatazama nyuso, akaenda kukoroga sufuria ambalo halikuhitaji kukorogwa.

"Umejua," alisema Lea.

"Nimejua, mama."

"Yu hai?"

"Hapana. Methusela amemuua."

Lea alishika ukingo wa benchi. "Wapi?"

"Shambani Mwera. Amemtupa kwenye shimo la mkonge. Yale magari yamekwenda kumtoa. Itachukua muda, na huenda tusimpate wote."

"Gari aliliiba?"

"Hakuliiba. Aliambiwa akubali kuitwa mwizi, akakataa. Alisema wewe utaitwa mama wa mwizi."

Lea alitikisa kichwa polepole, kwa muda mrefu, kama anayehesabu watu waliompita wakiimba. Hakulia. Aliangalia mikono ya Ritha, iliyokuwa bado na masizi kwenye kucha.

"Lile kopo," alisema. "Nilikuona ulivyofanya haraka kulifunika. Alikula?"

Barabarani mwuza magazeti alikuwa akipita na redio ndogo begani, bado ni muziki tu. Neno moja la uongo lingetosha kumtuliza. Hosea hakuwepo, Robert hakuwepo, na kopo lilikuwa limefungwa ndani ya mfuko wa vielelezo.

"Hapana, mama," Ritha alisema. "Makande yamo yote. Alikuwa anayafuata. Hakuwahi kuyala."

Lea alivuta karibu sahani ya chapati, akaifunika kwa ncha ya kanga yake, akaweka mkono juu yake.